Maswali ya Wasomaji: Ufuo, Msitu na Uwanja wa Mji Mdogo

Barua nyingi zilizotufikia kwa ajili ya toleo hili zimetoka katika ukanda mmoja mwembamba wa Kaunti ya Kilifi, kuanzia Watamu na hori ya Mida hadi Gede na vijiji vinavyopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke. Mkazi wa huko anaweza, kwa asubuhi moja ya baiskeli, kuogelea katika hifadhi ya bahari, kuyapita magofu ya mji wa kale na kuingia katika msitu mkubwa, na bado akarudi nyumbani hajui ni sehemu ipi kati ya hizo anayoruhusiwa kuitumia na kwa masharti gani. Barua zimefupishwa.

Watoto wa mtaa wetu wamecheza kandanda katika uwanja mmoja tangu sisi wenyewe tulipokuwa wadogo. Sasa zimesimikwa nguzo za zege upande mmoja, na tunaambiwa kuwa mwenyewe ana hati. Wazee wa mtaa wanasema hawajui lolote. Tuanzie wapi? — Kocha wa watoto, Gede

Kocha, kabla ya yote wazuie vijana wasing'oe nguzo hizo. Zikishang'olewa, kesi itakayofunguliwa ni ya uharibifu wa mali, washtakiwa mtakuwa nyinyi, na swali la uwanja ni wa nani halitasikizwa tena. Tafuteni nambari ya kipande hicho cha ardhi, ama katika ramani za upimaji au kwa kuulizia nambari za vipande vinavyopakana nacho, kisha ombeni upekuzi rasmi katika afisi ya msajili wa ardhi. Upekuzi huo ndio utakaowaeleza kama kuna hati, ilitolewa lini, kwa jina la nani, na kama kuna zuio lolote lililowekwa juu ya ardhi hiyo. Nakala ya hati mnayoonyeshwa njiani haitoshi, kwa sababu linaloangaliwa ni lile lililoandikwa katika sajili.

Jiandaeni pia kupata jibu msilolipenda. Hapa Pwani mambo ya ardhi yana mizizi mirefu: sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai katika ukanda wa pwani wayawasilishe, na ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Wengi waliokuwa wakiilima hawakudai, ama kwa kutojua au kwa kutopewa nafasi, ndiyo maana hadi leo hujitokeza mtu mwenye hati ya babu yake juu ya ardhi ambayo majirani wameijua maisha yao yote kuwa ya kila mtu. Hati ya namna hiyo yaweza kuwa halali kabisa, na kuuchezea uwanja kwa vizazi viwili hakuifuti. Likiwa hilo ndilo jibu, mazungumzo yenu ni na mwenye ardhi na na kaunti, ambayo inaweza kuombwa iinunue au itafute mahali pengine.

Lakini upekuzi ukionyesha kuwa uwanja ni ardhi ya umma, au kuwa hati ilitolewa juu ya ardhi iliyokwisha kutengwa kwa michezo, mambo hugeuka. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinaiweka ardhi ya umma ya aina hiyo mikononi mwa serikali ya kaunti kwa niaba ya wakazi wake, huku Tume ya Kitaifa ya Ardhi ikiisimamia. Iandikieni tume hiyo, na nakala muipeleke kwa kaunti, mkiomba kumbukumbu za ugawaji kwa mujibu wa Sheria ya Upataji wa Habari ya 2016, ambayo inamtaka afisa ajibu ndani ya siku 21. Mkinyimwa jibu, au jibu likithibitisha mashaka yenu, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iko wazi kwenu.

Msidhani kuwa kisa chenu ni cha pekee. Ripoti ya tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, iliyotolewa mwaka 2004, ilionyesha jinsi viwanja vya michezo, misitu na ardhi nyingine za umma nchini zilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria, ikapendekeza hati za namna hiyo zifutwe. Miaka 11 baadaye, Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road jijini Nairobi walikuta uwanja wao umezungushiwa ukuta. Walipoandamana na kuusukuma ukuta ukaanguka, polisi waliwarushia vitoa machozi. Uwanja ulirudishwa, tena kwa haraka, lakini naamini picha za watoto wakikohoa katikati ya moshi zilichangia kasi hiyo zaidi ya kifungu chochote cha sheria. Mji mdogo hauna kamera hizo. Kwa hiyo wekeni daftari: ratiba za mechi, majina ya timu, barua za kuomba kibali cha mashindano, picha zenye tarehe. Uwanja unaotumika kwa mpango unaojulikana humpa mnyakuzi kazi ngumu kuliko uwanja unaochezewa ovyo, na daftari hilo litakuwa ushahidi wenu siku mtakapouhitaji.

Siku ya Idi tulikwenda ufuoni na watoto. Mlinzi wa hoteli moja alitufukuza akisema kuwa sehemu ile ni ya wageni wa hoteli tu. Je, ana haki hiyo? — Familia moja, Watamu

Mchanga ule unaofunikwa na maji yanapojaa na kuachwa wazi yanapokupwa si wa hoteli yoyote. Kifungu hichohicho cha 62 kinaitaja ardhi yote iliyo baina ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ya umma. Mlinzi anaweza kuwazuia kukalia viti vya hoteli au kupita katika bustani yake, lakini hawezi kuwazuia kutembea na kucheza mchangani.

Ugumu wenyewe hauko mchangani bali katika kuufikia. Kanuni za upimaji za mwaka 1994 zinataka kwamba, ardhi ya serikali inayopakana na bahari inapogawiwa, kwa kawaida uachwe ukanda usiopungua mita 60 juu ya alama ya maji kujaa. Hata hivyo, viwanja vingi vya ufuoni vilipimwa na kugawiwa zamani, na vichochoro vilivyoachwa katikati yake kwa ajili ya wavuvi na wenyeji vimezibwa kimoja baada ya kingine, hapa kwa lango, pale kwa ua wa michongoma. Kwa hiyo malalamiko yenu yaelekezwe kwenye kichochoro. Nendeni katika afisi ya mipango ya kaunti mkaombe kuona ramani ya eneo, mtafute njia ya umma iliyochorwa humo, kisha mwandike barua mkitaja njia hiyo na mkiambatanisha picha ya lango lililoifunga. Kugombana na mlinzi hakutawasaidia, maana yeye ametumwa tu.

Mimi huvua kwa mshipi. Mbona nikivua upande mmoja wa bahari nakamatwa, na mwenzangu akivua mbele kidogo haambiwi kitu? — Mvuvi, Watamu

Mzee wangu, mnavua katika maeneo mawili yenye sheria mbili, ingawa maji ni yaleyale. Hifadhi za bahari za Watamu na Malindi zilitangazwa mwaka 1968, zikiwa za kwanza nchini, na zimegawanywa mara mbili. Ndani ya hifadhi kamili, inayosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, hairuhusiwi kuvua samaki wala kuokota makombe au matumbawe. Nje yake liko eneo la akiba, pamoja na hori ya Mida, ambamo uvuvi wa kienyeji wa mshipi na madema unakubaliwa. Juya na bunduki za kuvulia zimepigwa marufuku kote nchini tangu mwaka 2001, kwa hiyo kwa zana hizo hata huyo mwenzako angekamatwa.

Nafahamu kuwa mpaka huo unawakera wengi, hasa siku ambazo samaki wanaonekana wazi ndani ya hifadhi na dema la nje linatoka tupu. Sababu ya kuuweka ni kwamba samaki wanaoachwa wakakua na kutaga humo hutoka wenyewe kwenda nje, na ndio mnaowapata. Jambo jingine la kukumbuka: kasa au ng'amba akinasa wavuni, usimchinje wala usimwachie na jeraha. Shirika la Local Ocean Conservation, lililoanza kazi Watamu mwaka 1997, huja kumchukua, kumpima na kumrudisha baharini, na humfidia mvuvi gharama aliyoingia kwa kupiga simu na kungoja.

Mama yangu na nyanya yangu waliokota kuni katika msitu wa Arabuko-Sokoke bila kumwuliza mtu. Leo naambiwa nijiunge na chama na nilipie kibali. Kwa nini nilipie kitu ambacho Mungu alitupa? — Mama wa watoto watano, karibu na Gede

Mama, swali lako ni la haki, na wanaolijibu kwa kusema tu kuwa sheria ni sheria hawakutendei wema. Msitu huu ulitangazwa kuwa mali ya serikali mwaka 1932 na kuandikishwa rasmi mwaka 1943, wakati watu wa kwenu walikuwa wakiutumia zamani. Aliyeweka mpaka hakuwauliza. Jambo hilo lazima likubaliwe kwanza, ndipo mazungumzo mengine yawe na maana.

Tangu wakati huo msitu mwingi wa aina hii umekatwa, na Arabuko-Sokoke, wenye takriban kilomita 420 za mraba, ndio kipande kikubwa kuliko vyote cha msitu mkavu wa pwani kilichosalia Afrika Mashariki. Humo anaishi bundi mdogo wa Sokoke, asiyezidi urefu wa kiganja na vidole vyake, na sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, mnyama mwenye ukubwa wa sungura mdogo na pua ndefu ya kuchakurachakura. Huyu sange hula wadudu na minyoo walio chini ya majani makavu, na hulala ndani ya chungu ya majani hayohayo anayoyakusanya mwenyewe. Ukimwona mlinzi wa msitu anakasirika kwa sababu mtu amefagia majani au ameburuta magogo, usidhani anatetea takataka.

Sheria ya Misitu ya 2005, ambayo nafasi yake imechukuliwa na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016, ilibadilisha jambo moja kubwa kwa watu kama wewe. Wakazi wa karibu na msitu wakiunda chama cha jamii na kukisajili, na chama hicho kikatiliana sahihi mkataba wa usimamizi na Huduma ya Misitu ya Kenya, KFS, kinapata haki zinazotajwa kwa maandishi: kuokota kuni, kuchuma dawa za mitishamba, kutega mizinga, kukata nyasi, kuongoza wageni na mengineyo. Tofauti na enzi ya nyanya yako ni kwamba yeye aliingia kwa mazoea, na askari mkali angeweza kumfukuza siku yoyote. Wewe ukiwa mwanachama mwenye kibali unaingia kwa haki iliyoandikwa. Kibali hicho ni cha kuni zilizokauka zenyewe. Mti mbichi, nguzo za kujengea na muhuhu havimo. Muhuhu umekatwa mno kwa ajili ya vinyago, hata wachongaji wengi wa Malindi wakahamia kwenye mwarobaini, mti unaojiotea wenyewe kila mahali na ambao hakuna anayeulilia.

Ningekushauri pia usiishie kwenye kuni. Mwaka 1993, wakati majirani wengi walikuwa wakidai msitu ukatwe wapewe mashamba, ulianzishwa mradi wa Kipepeo, ambao makao yake yako katika uwanja wa magofu ya Gede. Mkulima hupewa mafunzo ya kufuga vipepeo: humweka jike katika kizimba cha wavu penye majani anayoyapenda, huyakusanya mayai, huwalisha viwavi, na wanapojifunga kuwa pupa huwapeleka kwenye mradi, nao husafirishwa hadi kwenye maonyesho ya vipepeo hai huko Ulaya kabla hawajapasua ganda. Ni kazi ya nyumbani na haihitaji shamba kubwa. Jambo la busara ndani yake ni kwamba vipepeo wazazi na mimea ya kuwalisha viwavi asili yake ni msituni, hivyo msitu ukiisha na biashara imekwisha. Malipo hupanda na kushuka kulingana na maagizo ya wanunuzi, kwa hiyo usiache kilimo kwa ajili yake. Mizinga ya nyuki nayo hufaa, hasa pale mirihi inapochanua.

Mwisho, uliza maswali ndani ya chama chako. Mkataba unasemaje, nani anazishika fedha, na mkutano wa mwaka ni lini? Chama ambacho mwanachama wake hajawahi kuuona mkataba hakimsaidii kitu.

Je, tunaruhusiwa kwenda na maji ya chupa tukipeleka watoto matembezini? — Mzazi, Malindi

Hapana, ikiwa ni chupa za plastiki za kutumika mara moja. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za namna hiyo haziruhusiwi katika hifadhi, misitu na fuo zilizolindwa. Bebeni maji katika chupa za kujaza tena.

Nafundisha shule ya msingi na ningependa kuwa na mpango wa likizo wa kuwapeleka wanafunzi kuyajua mazingira yao, lakini hatuna fedha. Tufanye nini? — Mwalimu, Mida

Mwalimu, wewe umekaa penye darasa ambalo watalii huvuka bahari kuja kuliona. Anza na mikoko ya hori, ambayo unaweza kuifikia kwa miguu. Angalia kwanza majira ya maji: siku za bamvua maji hukupwa mbali na tope huwa wazi kwa saa kadhaa, ilhali siku za maji mafu mtaona machache.

Usiwafundishe watoto neno moja la jumla, mikoko, ukaishia hapo, kwa sababu mababu zao waliipa kila aina jina lake na kazi yake. Mkoko wenyewe husimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui. Mchu hutoa mizizi myembamba inayochomoza topeni mfano wa penseli, na mtoto akilamba jani lake atakuta chumvi, maana mti huo hutoa chumvi kupitia majani. Mlilana hukaa mbele kabisa upande wa bahari, na mizizi yake ya kupumulia ni minene. Mkandaa una ganda lililotumika kutengeneza ngozi, muia hutoa boriti, na mkomafi una tunda la mviringo lenye mbegu zinazojipanga kiasi kwamba ukilibomoa huwezi kulirudisha lilivyokuwa. Mpe kila mtoto jani moja, mwambie autafute mti wake. Asubuhi nzima itakwisha.

Kati ya Oktoba na Machi ongezeni ndege. Wako vitwitwi wadogo wanaotoka Siberia, na yuko yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mzito wa kuvunjia kaa, ambaye hutagia katika mashimo ya mchanga kwenye fuo za Bara Arabu na visiwa vyake, Oman ikiwamo, kisha huja kumalizia msimu katika tope la Mida. Mtoto ambaye ana mjomba Maskati atalielewa jambo hilo upesi kuliko mwingine yeyote.

Kuhusu gharama, daraja la kutembelea juu ya mikoko ya Mida huendeshwa ili mapato yake yasaidie karo za wanafunzi wa sekondari wanaotoka kandokando ya msitu na hori, kupitia mpango unaosimamiwa na shirika la A Rocha Kenya. Andikeni barua ya shule mapema mkieleza idadi na umri wa watoto. Magofu ya Gede, yaliyolindwa kisheria tangu mwaka 1927 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, yana viwango nafuu kwa vikundi vya wanafunzi. Shule ikijisajili katika vilabu vya wanyamapori vya Wildlife Clubs of Kenya, vilivyoanzishwa na wanafunzi mwaka 1968, mtapata vitabu na walezi wenye uzoefu. Nawe usijaribu kuyafanya yote katika likizo moja.

Viwanja vyote vya hapa vimechukuliwa na wavulana. Sisi wasichana tunataka netiboli na mahali pa kukutania. Nani wa kuombwa? — Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Watamu

Binti, wa kuombwa ni kaunti. Jedwali la Nne la Katiba linaitaja kazi hiyo waziwazi kuwa ya serikali za kaunti: michezo, bustani za kaunti, fuo na sehemu za burudani. Kwa hiyo hamwombi hisani ya mtu.

Linalowaponza vijana wengi ni wakati. Huandika barua mwezi wa Juni, bajeti ikiwa imekwisha kugawanywa. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, na makadirio ya matumizi kabla ya tarehe 30 Aprili ya mwaka unaofuata. Ombi lenu liwe limefika kabla ya Agosti, kisha mhudhurie mikutano ya kukusanya maoni ya umma ambayo kaunti inalazimika kuiitisha, hata kama waliohudhuria wengi ni wazee wanaozungumzia barabara.

Msiombe "kuinua vipaji vya wasichana". Ombeni kitu ambacho mtu anaweza kwenda kukikagua: milingoti miwili, uwanja uliosawazishwa, saa zenu maalumu katika ratiba ya uwanja uliopo, na chumba cha kubadilishia nguo chenye mlango na maji, kwa sababu wasichana wengi huacha mazoezi wanapokosa mahali pa kubadilishia nguo, hata mpira ukiwapo. Tafuteni mwalimu au mama mmoja atakayekubali kuwa mlezi, aandikwe jina lake, na muorodheshe idadi ya wachezaji kwa umri. Nakala ya barua mpelekeeni mwakilishi wa wadi, naye aitie sahihi na tarehe kuonyesha kuwa ameipokea.